Kongamano la Thogoto na Makanisa Mapya ya Meru na Embu

*Mwaka 1913 wamisionari walikutana Thogoto, wakashauriana jinsi ya kuanzisha makanisa bila kugombana. Wanaoanzisha makanisa leo katika miteremko ya Mlima Kenya wana mengi ya kujifunza katika mkutano ule, katika yaliyotengenea na katika lililosahauliwa.*

Mtu apitaye Makutano mjini Meru asubuhi ya Jumapili, wakati matatu za kwenda Maua na Nanyuki zingali zikitafuta abiria na maduka mengi hayajafungua milango, husikia vipaza sauti vikijibizana kutoka ghorofa hadi ghorofa: huku wimbo, huku maombi, huku mahubiri yaliyokwisha kupamba moto, na aghalabu ukuta mmoja mwembamba ndio utenganishao kusanyiko hili na lile.

Hali ni iyo hiyo mjini Embu, ambako ukumbi uliotumika Jumamosi kwa harusi au kwa mkutano wa chama cha akiba na mikopo hugeuka Jumapili kuwa nyumba ya ibada. Viti vya plastiki hupangwa safu kwa safu, kinanda huunganishwa na umeme, na mlangoni hutundikwa bango lenye jina la kanisa ambalo mwaka jana halikuwako.

Aliyelianzisha kanisa hilo, mara nyingi kijana mwenye kazi nyingine siku za juma, ana mashaka asiyoyataja mimbarani. Kuna ijara ya ukumbi idaiwayo kila mwisho wa mwezi. Kuna katiba ya kanisa ambayo yamkini ameinakili kwa rafiki yake, akabadili jina tu. Na kuna majina ya wanachama wa kupeleka kwa Msajili wa Vyama, kwa kuwa Sheria ya Vyama huhesabu kuwa chama ni mkusanyiko wa watu kumi au zaidi, na huyu ana mkewe, ndugu zake wawili, na majirani ambao bado hawajakata shauri.

Fauka ya hayo ana daftari. Daftari hilo alilijaza katika kongamano la wachungaji, alikokwenda Nairobi au Nakuru kwa nauli ya kukopa, akakaa siku kadhaa akiwasikiliza watumishi wenye makanisa makubwa wakieleza namna walivyoanza na watu wachache na namna walivyofikia maelfu.

Yaliyomo ndani ya madaftari ya namna hii hayatofautiani sana: jinsi ya kuongeza hesabu ya waumini, jinsi ya kupanga ushirika wa nyumbani, jinsi ya kuhimiza fungu la kumi, jinsi ya kurusha ibada katika mitandao, jinsi ya kuwalea viongozi vijana. Mengi katika hayo ni mema, wala sina nia ya kuyabeza, maana mtu anayeanza kazi ngumu peke yake ana haki ya kufunzwa na waliomtangulia. Lakini swali moja, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililostahili ukurasa wa kwanza, halipatikani humo ila kwa nadra: kanisa hili jipya litajibu kwa nani?

MKUTANO ULIOGAWANYA MLIMA

Swali hilo si geni katika nchi hii. Lilijadiliwa kwa bidii mwezi Juni mwaka 1913 katika kongamano la wamisionari lililokutana Thogoto, kwenye kituo cha Kanisa la Scotland, yaani Wapresbiteri, huko Kikuyu, na ijapokuwa Thogoto iko mbali na Meru, maafikiano ya mikutano ya zama zile yaliacha alama katika kila kijiji kilichoko baina ya mto Thuci na milima ya Nyambene.

Wakati huo Injili ilikuwa imefika upande huu wa mlima kwa miaka michache tu. Kwa Waembu, wamisionari wa Church Missionary Society, yaani Waanglikana, walikuwa wamefungua kituo cha Kigari mwaka 1910. Kwa Wameru, Wamethodisti, ambao walikuwa na kazi ya tangu mwaka 1862 huko Ribe karibu na Mombasa, walikuwa wamekuja kuitazama nchi mwaka 1909, na mwaka 1912 mchungaji Worthington akaweka makao Kaaga. Mapadre wa Consolata kutoka Italia nao walikuwa wamekwisha kuingia nchi ya Meru tangu mwaka 1911.

Hatari ilikuwa dhahiri kwa kila mwenye macho. Jumuiya zile zilitoka katika madhehebu yaliyokuwa na hitilafu za karne nyingi huko Ulaya, na lau kila moja ingejenga shule yake mkabala wa shule ya mwenzake, na kumpokea kila mwanafunzi aliyefukuzwa kwa jirani, basi Waafrika wangeusikia ugomvi kabla ya kuisikia Injili. Kwa hiyo wajumbe wa Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na Africa Inland Mission walikaa pamoja, chini ya uongozi wa Askofu Willis wa Uganda, wakatunga mpango wa shirikisho.

Mpango huo ulisema kwamba Maandiko Matakatifu na kanuni za imani za kale ndizo zitakuwa msingi. Kwamba kila jumuiya iheshimu eneo la mwenzake. Kwamba mafundisho ya wanaojiandaa kubatizwa yafanane. Na kwamba muumini anayehama kutoka kanisa moja kwenda jingine asihesabiwe mgeni. Siku ya mwisho Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, na wasiokuwa Waanglikana wakashiriki.

*Lau kila jumuiya ingejenga shule yake mkabala wa shule ya mwenzake, Waafrika wangeusikia ugomvi kabla ya kuisikia Injili.*

Habari ya ibada ile ilipofika Unguja, Askofu Frank Weston wa Zanzibar alighadhibika. Huyu alikuwa mtu wa msimamo mkali katika mambo ya sakramenti na uaskofu, naye aliwashitaki maaskofu wenzake wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema kwamba wameeneza uzushi na kuleta mfarakano. Kesi ya kanisa dogo la Thogoto ikawa gumzo la magazeti ya Uingereza, hata vita vikuu vya mwaka 1914 vilipozuka na kuifunika.

Mimi humtaja Weston kwa heshima, kwa kuwa ndiye pia aliyeinua sauti baada ya vita dhidi ya kuwatumikisha Waafrika kwa nguvu. Na mwaka 1918, mkutano wa pili ulipoitishwa Kikuyu, alisafiri akaenda mwenyewe kushindana kwa hoja mbele ya wale aliowashitaki. Shirikisho kamili halikupatikana, ila palipatikana Muungano wa Jumuiya za Kimisionari, na kutoka katika mti huo yakaja matunda yaliyodumu.

Shule ya Alliance ilifunguliwa mwaka 1926. Chuo cha kuwaandaa makasisi, kilichoanzia Frere Town huko Mombasa mwaka 1903 na kuhamia Limuru mwaka 1930, kiliwaunganisha Waanglikana, Wamethodisti na Wapresbiteri mwaka 1955, nacho leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, huhesabu mwanzo wake kuwa ni ule mwaka wa 1913.

Mipaka nayo ilishika. Msafiri atokaye Embu kwenda Meru kwa barabara kuu huacha nchi iliyolelewa na Waanglikana, akavuka Thuci na kuingia Chuka na Mwimbi, ambako Daktari Archibald Irvine wa Kanisa la Scotland alianza kazi ya hospitali ya Chogoria mwaka 1922, kisha akaingia Imenti, nchi ya Wamethodisti, na akizidi kwenda hata Maua atakuta hospitali waliyoianzisha mwaka 1928. Mji kwa mji, hata leo, mtu mzima akitajiwa mahali ulikozaliwa huweza kubashiri ubatizo wa bibi yako.

KITI KILICHOKUWA KITUPU

Ningelipenda kuishia hapo na kuwasifu wale wazee kwa busara yao, lakini ukweli hauniruhusu. Wajumbe wa Thogoto walikuwa wamisionari. Wale ambao nchi yao iligawanywa hawakuulizwa: Mwembu hakuulizwa kama anapendelea kuwa Mwanglikana, wala Mchuka kuwa Mpresbiteri, na walimu Waafrika waliotembea vijijini wakifundisha herufi na sala, ambao kwa hakika ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kazi, hawakuwa na sauti katika maazimio.

Malipo ya kosa hilo yalikuja mwaka 1929. Misheni za upande huu wa mlima, Waskoti wakiwa mbele, ziliazimia kupiga marufuku tohara ya wasichana, na waumini wakatakiwa kutia alama ya kidole gumba katika tamko la kuikana desturi hiyo, tendo lililobaki katika kumbukumbu kwa jina la kirore.

Katika hukumu juu ya desturi yenyewe, mimi nasimama na waliotaka ikome, na hata leo madhara yake kwa wasichana hayana mjadala. Bali namna jambo lilivyofanywa, kwa amri iliyotoka juu na kuwashukia watu ambao hawajawahi kukalia kiti cha baraza, ililirarua kanisa. Chogoria ilipoteza sehemu kubwa mno ya waumini wake kwa muda mfupi. Wamethodisti wa Meru na Waanglikana wa Embu nao walitikiswa.

Waliotoka hawakuacha kusali. Walijenga shule zao wenyewe kwa miti na udongo, wakaomba makasisi wao wenyewe, na mwaka 1935 wakamleta kutoka Afrika Kusini Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa African Orthodox Church, awafundishe na kuwawekea mikono vijana wao. Kutoka katika harakati hizo ndipo lilipokua kanisa la African Independent Pentecostal Church of Africa, AIPCA, ambalo serikali ya kikoloni ililipiga marufuku wakati wa hali ya hatari, likarejea baada ya uhuru, nalo lina mizizi mirefu Embu na Meru.

Basi kanisa jipya katika nchi hii si jambo la juzi. Vizazi viwili kabla ya mtu yeyote kutundika bango ghorofani Makutano, wazee wa miteremko hii walikuwa wamekwisha kuanzisha makanisa bila kuomba ruhusa ya mtu, na walifanya hivyo kwa sababu waliyoijua vyema: walitaka kusikilizwa.

NDUGU WALIOTEMBEA NURUNI

Kuna njia ya tatu iliyopita hapa, nayo husahauliwa na wanaosoma historia kwa majina ya maaskofu peke yake. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulifika Kabete mwaka 1937, na kutoka hapo ukaenea katika nchi ya mlima. Watu wa uamsho, walioitana Ndugu, hawakutaka kujenga dhehebu jipya. Walibaki Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti, ila katikati ya juma walikutana nyumbani, mkulima na kasisi wakikaa benchi moja, na kila mmoja akiungama wazi aliyoyatenda, pamoja na madeni aliyoficha na fedha aliyoiba. Hilo waliliita kutembea nuruni.

Jambo linalonivuta katika ushirika wao ni kwamba kasisi hakuwa na ukuta wa kujificha. Mwanamke asiyejua kusoma aliweza kusimama na kumwuliza mchungaji wake kwa upendo habari ya nyumba yake au ya mfuko wa sadaka, na kumnyima jibu kulihesabiwa kuwa dhambi nyingine. Walikuwa na ukali wao, na pengine waliwahukumu wenzao kupita kiasi; lakini walipokuja kujaribiwa wakati wa hali ya hatari, wengi wao walikataa kula kiapo cha wapiganaji wa uhuru na wakakataa vilevile kushika bunduki ya serikali, wakijua kwamba watachukiwa na pande zote mbili.

Makongamano ya siku hizi hunena sana juu ya ushirika wa nyumbani, kwa kuwa umethibitika kuongeza hesabu. Ushirika wa Ndugu ulikuwa na kazi nyingine kabla ya hiyo, yaani kumwekea kiongozi watu wa kumwambia kweli. Na kikundi cha nyumbani kinachopeleka juu sadaka na majina ya wageni, pasipo kuwa na njia ya kupeleka juu maswali, nakiona kuwa nusu ya kitu.

SERIKALI YAINGIA

Kuchelewa kwa makanisa kuulizana ndiko kulikoifungulia serikali mlango. Mwezi Novemba mwaka 2014, baada ya kashfa za wahubiri waliodaiwa kutengeneza miujiza ya uongo ili kuchuma fedha, Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alisimamisha usajili wa makanisa mapya. Mapema mwaka 2016 zikatolewa kanuni zilizotaka, pamoja na mambo mengine, kila kiongozi wa dini awe na cheti cha elimu ya dini kutoka chuo kinachotambulika na kila kanisa liwe chini ya mwamvuli; makanisa yakapinga kwa sauti moja, makubwa na madogo, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza zirudishwe kwa mashauriano.

Kisha ikaja Shakahola. Mwezi Aprili mwaka 2023, katika msitu wa kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ya wafuasi wa Paul Mackenzie, watu walioaminishwa kwamba kufa kwa njaa ni kumwendea Yesu, na miili iliyotolewa ardhini ilizidi 400, mingi ikiwa ya watoto. Hakuna mchungaji wa Meru wala wa Embu aliyebaki kama alivyokuwa baada ya habari ile, kwani kila mtu aliyepita mbele ya ukumbi wake alianza kujiuliza ni nini kinachofundishwa humo ndani.

Rais William Ruto aliunda jopo la kuchunguza sheria zinazohusu mashirika ya dini, na mwenyekiti wake akawa Mchungaji Mutava Musyimi. Uteuzi huo una maana kwa msomaji wa kaunti hizi, maana Musyimi aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa NCCK, baraza lililotokana na Thogoto, na baadaye akawa mbunge wa Gachoka, katika nchi ya Wambeere. Jopo lilikusanya maoni ya wananchi na kukabidhi ripoti yake mwezi Julai mwaka 2024, likapendekeza iwepo sheria mahsusi ya mashirika ya dini. Na katika Baraza la Seneti, Seneta Danson Mungatana wa Tana River alileta muswada wake juu ya jambo hilo hilo.

HOJA ZA PANDE MBILI

Wanaotaka mkono wa sheria husema kwamba mkulima wa kahawa wa Imenti, mchuma majani chai wa Manyatta na mama anayefunga marobota ya miraa Igembe hutoa kanisani fedha ambazo chama cha ushirika kingelazimishwa kuzitolea hesabu, na haifai mtu ashikaye fedha za maelfu awe na daraka dogo kuliko karani wa kiwanda cha kahawa. Husema pia kwamba watoto wa Shakahola hawakuchagua imani iliyowaua, na serikali isiyoweza kuwalinda watoto haina udhuru.

Wanaokataa huinua kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na ibada. Na katika Embu na Meru hoja yao ina uzito wa pekee, kwa sababu ziko familia ambazo shule na makanisa yao yalifungwa na serikali ya kikoloni kwa karatasi moja, na mjukuu wa mtu aliyeona mlango wa kanisa lake ukipigwa msumari hatarajiwi kuipenda leseni ya ibada. Tena huuliza kwa insafu: lau cheti kingalikuwa sharti mwaka 1915, ni mwalimu gani wa kijijini angaliruhusiwa kuhubiri?

*Mjukuu wa mtu aliyeona mlango wa kanisa lake ukipigwa msumari hatarajiwi kuipenda leseni ya ibada.*

Mimi naona kwamba pande zote mbili zinazungumzia kitu kimoja bila kukitaja. Cheti hakimzuii mtu mwenye tamaa. Wasomi wenye tamaa wako, na wasiosoma waaminifu wako. Uhuru wa dini nao haukutungwa ili mtu mmoja awe mwanzilishi, askofu, mweka hazina na mwamuzi wa mashitaka dhidi yake mwenyewe. Kinachokosekana ni mtu wa pili, mwenye mamlaka ya kuuliza na kujibiwa.

Wamethodisti wa Meru wana desturi ya zamani inayofaa kutazamwa. Mhubiri wao wa kawaida, yaani yule asiyekuwa kasisi, huweza kuwa fundi au mwalimu wa shule. Hafungiwi nje kwa kukosa shahada. Lakini kabla hajapewa mimbari hufundishwa, husikilizwa na wahubiri wenzake, hupimwa, kisha huhubiri kwa ratiba katika makanisa ya jirani na si katika moja tu analolimiliki; na mahubiri yake yakipotoka, liko baraza la kumwita. Hapo elimu na uhuru vimekaa nyumba moja bila ugomvi. Kijana mwenye ukumbi Makutano hana haja ya kuwa Mmethodisti ili kufanya jambo la mfano huo pamoja na wenzake wanne au watano wa mtaa mmoja: kubadilishana mimbari, kukaguana hesabu, na kukubaliana kwamba mwumini aliyeudhika upande huu atasikilizwa upande wa pili kabla ya kuhama kwa ghaidhi.

Najua kwamba ushauri huu una gharama. Mchungaji anayebadilishana mimbari na jirani huogopa kwamba watu wake watampenda jirani, na hofu hiyo ni ya kweli, maana ijara ya ukumbi inategemea watu hao hao. Wamisionari wa mwaka 1913 walikuwa na hofu kama hiyo, nao walikuwa na mishahara kutoka ng'ambo. Anayeanza leo Embu bila mshahara anaombwa ujasiri mkubwa kuliko wao, na makongamano yanayomfundisha kukua yangemfanyia hisani kubwa zaidi kama yangemfundisha namna ya kuuvumilia ujasiri huo: jinsi ya kuishi kwa kazi ya mikono, jinsi ya kutenga mfuko wa kanisa na mfuko wa nyumba, jinsi ya kuandika katiba ambayo ndani yake mwanzilishi anaweza kuondolewa.

PALE WASIPOKIMBILIA WENGI

Liko somo jingine la Thogoto ambalo watu wa sasa wameliacha moja kwa moja. Wazee wale waligawana nchi ili pasiwe na mahali penye wanne na mahali pasipo na mtu. Leo, ukiondoka mjini Embu ukateremka kuelekea Siakago na Kiritiri, au ukatoka Meru ukashuka hata Tharaka, mabango ya makanisa mapya huzidi kuwa haba kadiri mvua inavyozidi kuwa haba. Watu wa huko, walimaji wa pojo na mtama na wafugaji wa mbuzi, wana roho sawa na watu wa Makutano. Walichonacho kidogo ni fedha.

Kaunti ya Meru ilihesabiwa kuwa na watu 1,545,714 mwaka 2019, na Embu watu 608,599, na katika Kenya nzima Wakristo walikuwa zaidi ya asilimia 85. Kwa hesabu hizo, kanisa jipya katika mji, ambamo kila mtaa una makanisa tele, mara nyingi hujazwa na watu waliotoka kanisa jingine; na mwanzilishi akisimama mbele ya kongamano lijalo kutoa ushuhuda wa kukua kwake, haki ingetaka aseme vilevile ni viti vya nani vilivyobaki vitupu.

Tangu zamani lugha nayo imekuwa kipimo cha nia njema. Biblia nzima kwa Kimeru ilipatikana mwaka 1964, miaka zaidi ya 50 baada ya Wamethodisti kuweka makao Kaaga, na Waembu kwa muda mrefu walisoma ile ya Kikuyu. Mhubiri wa mjini ahubiriye kwa Kiingereza na mkalimani wa Kiswahili huenda anafaa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Akishuka Ishiara kwa lugha hiyo hiyo, atakuwa amewarudisha wasikilizaji wake nje ya baraza, mahali walipowekwa na Thogoto.

KABLA YA KONGAMANO LIJALO

Watayarishaji wa makongamano ya wachungaji katika kaunti hizi wana uwezo wa kutengeneza mambo haya bila kungoja muswada wowote. Waalikao mchungaji na wamwalike mweka hazina wake, ambaye mara nyingi ni mwanamke mwenye duka sokoni na mwenye akili ya hesabu kuliko wote. Wamwalike na muumini mmoja asiye na cheo chochote, akae katika kikao kile kile, asikie mchungaji wake anavyofundishwa kuomba fedha, na apewe nafasi ya kusema.

Watu wa AIPCA pia waitwe wasimulie walivyoanza bila msaada wa misheni, na Wakatoliki, ambao hawakuwamo katika mkutano wa 1913 ingawa leo wana jimbo la Meru tangu mwaka 1953 na la Embu tangu mwaka 1986, waulizwe jinsi wanavyowaandaa makatekista wa vijijini. Mchungaji wa kanisa lenye umri wa miezi sita atapata huko mambo ambayo mgeni maarufu kutoka ng'ambo hawezi kumpa.

Na mambo ya sheria yajadiliwe humo humo, kwa uwazi, vifungu vikisomwa kimoja kimoja. Bunge litakapowaita wananchi kutoa maoni juu ya sheria ya mashirika ya dini, wachungaji watakwenda, kama ilivyo desturi, wakiwa na mawakili na hati zilizochapwa. Itafaa basi lao la kwenda huko libebe pia waumini wa kawaida kutoka Kiritiri, Chuka na Maua, ambao wao ndio hutoa sadaka, na wao ndio huzika.